Nilichagua Kusoma Nisionekane

Sehemu ya nne

Kwa wale walionikuta katikati ya njia: mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Suma, wilaya ya Rungwe. Nimefundisha miaka kumi na sita. Wanafunzi wananiita Madam Hellen, na Hellen Mwaikenda ndilo jina lililo kwenye cheti changu cha kidato cha nne, kwenye stashahada yangu ya ualimu na kwenye barua yangu ya ajira.

Jina langu mimi ni Tumpe. Hellen ni dada yangu, mtoto wa baba mkubwa.

Jumamosi iliyopita niliandika kwamba Hellen alinipa cheti chake kwa hiari, kwa kuwa alikuwa ameolewa Malawi na hakuwa na kazi nacho. Wasomaji wengi mkatuma ujumbe mkisema dada huyo ana moyo wa pekee.

Nimelala na ujumbe wenu juma zima. Siwezi kuendelea bila kurekebisha. Hellen hakunipa cheti. Hakuwahi hata kukishika.

Ilikuwa hivi. Tulisoma darasa moja, shule moja kule Kyela, na kitanda tulilala kimoja. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2006 yalipotoka, yeye alipata daraja la tatu, mimi nikapata sifuri. Akaomba ualimu. Kisha akaenda Ipinda kumuuguza bibi, akaniachia kazi moja tu: nipite shuleni kila Ijumaa kuulizia barua yake ya kuchaguliwa.

Barua ilikuja Ijumaa ya tatu. Makamu mkuu wa shule alinikabidhi mkononi, akaniambia nimpe dada yangu hongera zake.

Niliifungua njiani. Chuo chenyewe kilikuwa mkoa mwingine, mbali na kila mtu aliyetujua. Niliisoma mpaka mwisho, nikaikunja, nikaificha ndani ya blauzi.

Hellen aliponiuliza kama barua imekuja, nilimwambia bado. Wiki iliyofuata akauliza tena, nikamwambia bado. Aliuliza mpaka akachoka kuuliza.

Mwezi wa tano aliondoka na mfanyabiashara wa mchele, mtu mzima mwenye mke mwingine, wakavuka mpaka kwenda Karonga. Niliwahi kuandika hapa kwamba alimpenda. Hakumpenda. Aliondoka kwa sababu aliamini amekosa chuo, na nyumbani hakukuwa na kilichomngoja.

Mwezi wa saba nikaripoti chuoni na barua yake. Asubuhi ya kwanza mkufunzi akaita majina. Alipofika kwa Hellen Mwaikenda, nikasimama.

Vyeti vya kidato cha nne vilipofika shuleni kwetu, nilirudi Kyela siku moja nikachukua cha Hellen, nikasema amenituma. Wakanipa daftari nisaini. Nikasaini Tumpe Mwaikenda, mdogo wake. Sikuliandika tena jina hilo popote.

Sasa mnajua mnayemsoma. Turudi ofisini kwa Mwalimu Jairo, pale nilipowaacha, na zile fomu mbili mezani.

*

Mwalimu Jairo ndiye mkuu wetu wa shule. Ni mtu wa Dodoma, alihamishiwa huku akiwa kijana na baridi ya Rungwe hajaizoea mpaka leo. Anavaa koti la sufu hata mwezi wa kumi. Alinieleza kwamba halmashauri inataka majina ya walimu wa kwenda kusoma shahada, na kwamba amenipendekeza mimi.

Chuo kilikuwa kimoja, kiko Mbeya. Njia za kusoma hapo zilikuwa mbili.

Fomu ya kwanza ilikuwa ya kukaa chuoni miaka mitatu. Ningepewa ruhusa ya masomo, darasa langu angepewa mtu mwingine, nami ningeishi Mbeya na kurudi nyumbani likizo.

Fomu ya pili ilikuwa ya kusoma kwa mtandao, miaka minne. Ningebaki na darasa langu, mume wangu na watoto wangu. Mihadhara ningeisikiliza kwenye simu au kompyuta, kazi ningezituma hukohuko, na karatasi zote ningezipiga picha na kuzipandisha kwenye mfumo.

Mwalimu Jairo alinisihi nichague ya kwanza. Akanisimulia kuwa yeye alisoma kwa masafa, peke yake mezani kwake, na somo likimshinda hakuwa na wa kumgeukia. Shahada ya miaka mitatu ilimchukua sita. Alisema aliipata, ndiyo, lakini hakumbuki uso hata mmoja wa mtu aliyesoma naye.

"Wewe una kichwa, Mwalimu," akaniambia. "Nenda ukakae mbele ya watu, ubishane nao. Usijifungie na simu."

Niamini au usiniamini, ndicho nilichokuwa nakitamani. Tangu nilipoanza kufundisha nimekuwa nikiota kukaa kwenye ukumbi mkubwa wa mihadhara, viti vikipanda kama ngazi, nami nimenyoosha mkono.

Lakini nilikuwa nimeshageuza fomu ya kwanza nyuma, yalipo maelezo. Mwanafunzi afike mwenyewe na vyeti halisi. Afike na cheti cha kuzaliwa. Atachukuliwa alama za vidole na picha siku ya kuripoti, na taarifa zake zitalinganishwa na kumbukumbu za huko nyuma.

Nilipoanza ualimu walitazama karatasi tu, na cheti chetu cha mwaka ule hakikuwa na picha. Hata ule uhakiki mkubwa wa vyeti, ulioondoa wenzangu kazini, mimi niliupita. Cheti kilikuwa halali, na mwenyewe alikuwa Malawi. Safari hii wangetaka kuniona.

Nikasukuma fomu ya kwanza upande wake, nikasema nitasoma kwa mtandao. Nikataja watoto. Nikataja darasa la saba. Nikataja mume mwenye zamu kiwandani.

Mwalimu Jairo alinitazama juu ya miwani. Akasema uamuzi ni wangu, ila dirisha la maombi linafungwa Ijumaa, nijaribu kuwaza tena mpaka siku hiyo.

Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliponiita.

"Nilitaka kukwambia. Juzi ulipokuwa kwenye semina alikuja mama mmoja kukuulizia. Hakuacha jina."

Nikamuuliza alitaka nini.

Alisema hakutaka kitu. Mama yule alisimama mbele ya ubao wa matangazo, penye picha za walimu, akaitazama picha yangu. Akauliza kama mwalimu huyu anafundisha vizuri. Mwalimu Jairo akamjibu kwamba ndiye bora aliyenaye. Mama akashukuru, akaondoka zake kwa miguu kwenye mvua.

*

Nilijiambia kuwa ni mzazi. Mzazi yeyote anaweza kuulizia mwalimu wa mtoto wake. Nikajiambia hivyo Jumatano nzima na Alhamisi nzima.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mume wangu Lukasi ni fundi wa mashine kwenye kiwanda cha chai. Ni mpole, hana maneno mengi, na mtu akimwambia jambo huwa analiamini. Nilipomweleza habari ya fomu mbili, nilidhani atafurahi kusikia nabaki. Badala yake akala, akamaliza, kisha akasema amefikiri na ameona niende chuoni.

Alisema mama yake atakuja kukaa na watoto. Alisema yeye atabadilishana zamu na wenzake. Alisema mwanamke aliyesoma kwa bidii kama mimi, akitokea kwenye familia ngumu kama yangu, hastahili kusomea shahada yake jikoni.

"Nataka siku moja nije nikuone umevaa joho," akasema. "Nikae kwenye viti na watu wengine, waite jina lako, nikupigie makofi."

Nikamwambia kwamba hata wanaosoma kwa mtandao huvaa joho. Akacheka kidogo. Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa naliwaza jina watakaloliita.

Ijumaa nikaomba ruhusa kazini, nikaenda Tukuyu mjini kwa Fred.

Fred ana duka la steshenari karibu na stendi. Ana kompyuta mbili na mashine ya kutoa nakala, na nusu ya watu wa wilaya hii wamejaziwa maombi na yeye: vyuo, ajira, vitambulisho. Ana vidole vyepesi na mdomo mzito. Ndiyo maana nilimwamini.

Nikampa simu yenye picha za vyeti, nikamwambia ni shahada ya elimu, ya mtandao. Akaniuliza kama nina uhakika, kwa sababu walimu wengi huanza ya mtandao kwa moyo, wakifika muhula wa tatu wanakuja kumwomba awaandikie kazi zao. Nikamwambia nina uhakika.

Akaandika jina. Akaandika mwaka wa kumaliza kidato cha nne. Akaandika namba ya mtihani.

Kisha akaacha kuandika.

"Madam, mfumo unagoma," akasema.

Akafuta namba, akaiandika upya, akinisomea tarakimu moja moja huku mimi nikiitikia. Akabonyeza. Maandishi mekundu yakatokea tena, nami nikayasoma mwenyewe juu ya bega lake. Yalisema mwombaji mwenye namba hiyo tayari ameomba, na tayari amechaguliwa katika awamu ya kwanza. Chuo kilekile. Shahada ileile. Mfumo wa kukaa chuoni.

Nikamwambia huenda Mwalimu Jairo alinijazia bila kunieleza. Maneno yalitoka haraka mno, hata mimi niliyasikia.

Fred alikuwa anatazama jina kwenye kioo, ameegemeza kidevu kwenye ngumi. Halafu akavuta daftari lake la wateja, akafunua kurasa za nyuma, akaweka kidole.

"Huyu nilimjazia mimi," akasema. "Kwenye kiti hichohicho ulichokalia. Mama wa makamo, anaongea Kiswahili cha upande wa Malawi. Aliponitajia jina nilimwambia kuna madam mmoja wa Suma ni wajina wake kabisa. Akasema anajua."

Nje mvua ilikuwa imeanza. Watu walikuwa wanakimbia kuingiza parachichi zao chini ya vibaraza.

Fred akashusha sauti, ingawa dukani tulikuwa wawili tu. Akaniambia majina yanaweza kufanana, hata matatu yote. Lakini namba ya mtihani haitolewi kwa watu wawili. Hakuniuliza swali lolote. Alinakili namba ya simu kwenye kipande cha karatasi, akakisukuma upande wangu, kisha akafunga ule ukurasa wa maombi kama mtu anayefunga mlango wa nyumba isiyo yake.

Nilipotaka kumlipa alikataa. Hakunitazama tena usoni.

*

Nilisimama chini ya kibaraza cha duka la mbolea. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa za stendi, na nilisikia wapiga debe wa Mbeya bila kuwaona. Niliihifadhi ile namba kwenye simu ili nione kama ina picha.

Ilikuwa nayo. Mwanamke amesimama mbele ya ukuta wa matofali, amefunga kitenge, mikono yake ameikunja kifuani. Alikuwa amekonda. Paji la uso lilikuwa la baba mkubwa, ambalo ni langu pia.

Nikapiga. Ilipokelewa kabla haijalia mara ya pili.

"Ugonile, Tumpe," akanisalimia.

Tangu mama yangu afariki hakuna aliyeniita jina hilo. Nikaegemea gunia la mbolea.

Nilitaka kumuuliza mengi, lakini nilichouliza ni jinsi alivyonipata. Akajibu kwamba hakunitafuta kwa nguvu. Yeye alijaza fomu tu. Alijua ipo siku na mimi nitajaza, na nikijaza nitapiga.

Akanieleza mambo yake bila kupandisha sauti, kama mtu anayesoma orodha. Mume alifariki mwaka juzi. Ndugu za mume wakachukua nyumba na kiwanja, wakamwambia arudi kwao. Akarudi Kyela, akasikia shule moja ya watoto wadogo inatafuta mwangalizi aliyemaliza kidato cha nne. Akaenda shule yetu ya zamani kuulizia cheti chake. Mkuu wa sasa, kijana asiyemjua, akafungua daftari la zamani na kumwonyesha saini yangu.

"Nikaitazama sana," akasema. "Uliandika kwa mwandiko mzuri. Mdogo wake."

Nilianza kulia. Yeye aliendelea.

Kwenye kabati lilelile kulikuwa na faili la waliochaguliwa kwenda vyuoni mwaka ule. Akaona jina lake. Akaona tarehe ambayo barua iliondoka pale shuleni, na jina la aliyeichukua. Alisema alikaa kwenye benchi nje ya ofisi ile mpaka wanafunzi wakaenda nyumbani.

Baada ya hapo akafuata nyayo. Akafika kwenye chuo cha ualimu nilikosoma, akasema vyeti vyake vimepotea. Jina ni lake. Tarehe ya kuzaliwa ni yake, na cheti cha kuzaliwa anacho. Picha ya zamani kwenye faili haikufanana naye sana, lakini wakamwambia miaka imepita, watu hubadilika. Wakampa barua ya uthibitisho na nakala za matokeo yangu yote.

"Yangu," akajisahihisha kabla sijafungua mdomo. "Kila ulichosoma umekisoma kwa jina langu. Kwa hiyo nimesoma. Nina stashahada, na alama zangu ni nzuri. Nimeomba shahada, wamenichukua."

Hapo nikafanya kosa. Badala ya kuomba msamaha, nikabishana. Nikamwambia hawezi kuingia kwenye shahada ya elimu bila kujua cha nyuma yake, kwamba nilikesha kwa ajili ya alama zile, kwamba watoto mamia wamejua kusoma kwa mdomo huu wangu. Nikamwambia kama anataka shahada, basi achague ya mtandao, nami nitamsaidia, nitamfanyia kila kazi, hakuna atakayejua.

Aliniacha nimalize.

"Wewe unaitaka ya mtandao ili usionekane," akasema. "Mimi nimechagua ya chuoni kwa sababu nataka kuonekana. Nataka mtu asimame mbele ya darasa aniite jina langu, na mimi niitike. Hata nikifeli, nifeli nikiwa nimekaa pale."

Nikamwomba tuonane. Nikamwambia sisi ni ndugu, tulilala kitanda kimoja, jambo hili tunaweza kulimaliza wawili bila kumwita mtu yeyote. Nikamwambia nipo Tukuyu, anitajie tu mahali alipo, nitafika sasa hivi.

"Njoo basi," akasema. "Chai inapoa."

Nikamuuliza wapi.

"Kwako. Nimetoka uani tu kupokea simu. Shemeji amenikaribisha vizuri."

*

Nilipanda bodaboda na mvua ileile. Dereva alitaka tusubiri, nikamsukuma mgongoni aende. Njia yote mashamba ya chai yalikuwa yamefunikwa na ukungu, na nilichoona ni mita chache za barabara mbele yetu. Nilikuwa napanga maneno. Kila nililopanga lilihitaji Lukasi awe hayupo, na Lukasi siku hiyo alikuwa na zamu ya asubuhi. Alikuwa ameshatoka kazini.

Nilipoingia uani nilisikia kicheko chake. Lukasi si mtu wa kucheka na wageni.

Walikuwa wamekaa sebuleni, pande mbili za meza ndogo. Watoto walikuwa hawajarudi kutoka shule. Hellen alikuwa amekalia kiti changu, amefunga kile kitenge cha kwenye picha, viatu vyake vyenye matope ameviacha mlangoni kwa adabu. Mbele yake kulikuwa na kikombe cha chai, na pembeni ya kikombe kulikuwa na vyeti vyangu vyote, vimepangwa.

Lukasi aliniona nikivitazama. Akaeleza, kwa furaha kabisa, kwamba Mwalimu Jairo alimpigia simu mchana akamwambia bado kuna muda wa kunibadilisha mawazo, na kwamba fomu ya chuoni inataka vyeti halisi. Basi akafungua sanduku, akavitoa, ili nikirudi nisiwe na kisingizio. Mgeni alipofika alivikuta mezani, akaomba avione. Yeye akaona fahari kumwonyesha.

Hellen alikuwa ameshika cheti cha kidato cha nne. Alikishika kwa mikono miwili, vidole vikigusa kingo tu, kama watu wanavyoshika picha ambayo haijakauka.

Aliinua macho, akanitazama. Miaka kumi na minane. Hakuwa na hasira usoni. Ningeona hasira ningejua la kufanya.

"Mama Debora, mgeni wako huyu mcheshi sana," Lukasi akasema. "Nimemuuliza jina tangu amefika. Anasema utanitajia wewe."

Msomaji, hapa ndipo ningeweza kusema. Nimeurudia mlango ule mara nyingi kichwani. Sentensi moja ilitosha: huyu ndiye Hellen. Lukasi angekasirika, angelia, angetoka nje akazunguka shamba, lakini angeisikia kwangu, kwa mdomo wangu, ndani ya nyumba yetu. Hellen mwenyewe alikuwa amenipa nafasi hiyo. Naamini alikuja kunipa nafasi hiyo, na chai aliyokunywa ilikuwa ya kuningojea.

Lakini siku ya harusi yetu, mjomba wangu mmoja aliteleza ulimi akaniita Tumpe mbele ya wakwe, nami usiku ule nikamwambia Lukasi kwamba mzee amechanganya, Tumpe ni dada yangu, ameolewa Malawi. Uongo huo ulikuwa tayari mdomoni, umekaa miaka yote hiyo, haukuhitaji hata kufikiriwa.

"Ni dada yangu Tumpe," nikasema. "Yule wa Malawi."

Lukasi akapiga makofi mara moja, akasema alihisi, maana paji la uso ni moja. Akainuka kumpa mkono upya, sasa kama shemeji.

Hellen alimpa mkono. Kisha akaweka cheti mezani taratibu, akakinyoosha kona moja iliyokuwa imejikunja, akakisogeza mbali naye.

"Haya," akasema. "Mimi ni Tumpe."

Akavuta mkoba wake uliokuwa miguuni. Alikuwa hanitazami tena mimi. Alitoa bahasha ya kaki, akaipangusa maji kwa ncha ya kitenge, akampa mume wangu kwa mikono miwili.

"Shemeji, naomba unisomee hii barua. Mimi Tumpe sikusoma. Nilipata sifuri."

Nikamwambia Lukasi aiache, mgeni amechoka, atasoma baadaye. Sauti yangu ilikuwa ya ajabu na aliisikia, lakini alikuwa ameshatoa karatasi. Ni mtu wa kusaidia. Akaisogeza dirishani penye mwanga, akasoma kwa sauti, polepole.

Barua ilikuwa ya chuo cha Mbeya. Ilimpongeza Hellen Andulile Mwaikenda kwa kuchaguliwa kusoma shahada ya elimu, mfumo wa kukaa chuoni, na kumtaka afike kuripoti Jumatatu.

Uso wa Lukasi ukafunguka. Akanigeukia mimi, si yeye. Alidhani ni yangu. Alidhani nimemficha jambo jema, kwamba niliomba chuoni kimyakimya na dada yangu ameniletea barua kutoka mjini. Akaniambia hongera, mama Debora, kumbe ulishakubali, na akanyoosha mkono wa kushoto kunivuta karibu yake.

Mkono ule haukunifikia. Macho yake yalikuwa yamerudi kwenye karatasi, juu, pembeni kulia, walipobandika picha ya mwanafunzi.

Aliitazama. Akamtazama mwanamke aliyekaa kwenye kiti changu. Akaitazama tena picha, akainama mezani akatazama jina kwenye cheti, kisha akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu anioe niliona mume wangu ananitazama kama anavyotazama mashine inayotoa mlio asioujua.

Tangu mtoto wetu wa kwanza azaliwe, Lukasi hajawahi kuniita jina langu. Huniita mama Debora, nyumbani na mbele za watu.

"Hellen," akaita.

Tukaitika sote wawili.